Mwanatumu na Tundu la Pembeni

Mwanangu Mwanatumu alipofiwa na mumewe hakulia. Wanawake waliokuja kutupa pole walilia wao, wakamkumbatia, wakaondoka na macho mekundu, naye akawatazama kama mtu anayetazama mvua kupitia dirishani. Tangu siku ya mazishi hakusema neno ambalo hakuulizwa. Ukimwuliza kama amekula, alijibu amekula. Ukimwuliza kama amelala, alijibu amelala. Usipomwuliza, kulikuwa kimya mpaka umwulize tena.

Watu walinambia ni subira. Walinipongeza kwa kulea mtoto mwenye subira.

Mimi niliogopa, kwa sababu jambo hilo nilikwisha kuliona. Mama yangu mdogo alifiwa na mume nilipokuwa kigori. Naye alianza hivyo hivyo, kujibu tu. Halafu majibu yakapungua, yakabaki ya kutikisa kichwa. Alizeeka akitikisa kichwa, na siku tuliyomzika hapakuwa na mtu aliyeikumbuka sauti yake. Kwa hiyo nilipokuwa nikikaa na Mwanatumu chumbani, yeye katika nguo zake nyeupe za eda, sikuwa nangoja alie. Nilingoja aseme kitu cha kwake mwenyewe, hata kama ni tusi.

Alizaliwa hapa Malindi, mtaa wa Shela, katika nyumba hii hii. Baba yake alikuwa mshoni, na cherehani yake ilikaa barazani. Mtoto alikuwa na masikio. Tukimtuma dukani alichelewa, na tukimfuata tulimkuta amesimama chini ya dirisha la jirani akisikiliza redio, amekunja uso. Nikimwuliza kuna nini, alinambia, "Mama, redio ya hapa haikushika vizuri. Wamezungusha kidogo mno." Mimi nilimvuta mkono twende. Alisoma mpaka darasa la saba, kisha baba yake akafa, na habari ya shule ikafa naye. Nilikaa eda yangu katika chumba kile kile anachokaa yeye sasa.

Jaafar alikuja kumposa akiwa fundi wa redio. Watu wake ni wa Faza, lakini yeye alijifunza kazi Mombasa, kwa mafundi wa meli. Alikuwa mcheshi, mwembamba, hawezi kukaa bila kitu mkononi. Chumba chao kilijaa redio zilizofunguliwa migongo. Mwanzo Mwanatumu alimshikia tochi tu. Siku moja niliingia na chai nikamkuta Jaafar amelala mkekani chali, na mwanangu ameshika ile pasi ya kuyeyushia risasi, anaunga waya. Nikamnong'oneza, "Mumeo anajua?"

Akanijibu bila kuinua macho, "Ndiye aliyejilaza, ili nisione haya."

Nikatoka na chai yangu.

Mashine ya mawimbi Jaafar aliinunua kwenye hoteli moja ya ufukweni, walipobadilisha redio za maboti yao ya kuvulia. Ilikuwa sanduku la chuma la rangi ya majivu, lenye mita ya sindano usoni na swichi za kuzungusha. Nimeisikia ikielezwa mara nyingi hata mimi nisiyejua kitu naweza kuieleza. Mashine ile hutoa wimbi, kama kituo cha redio kinavyotoa, ila dogo. Wimbi peke yake halina sauti. Iko swichi moja yenye mahali pawili. Ukiielekeza ndani, mashine hulitia wimbi mluzi wake yenyewe, na mafundi huutumia mluzi huo kupimia redio mbovu. Ukiielekeza nje, mashine hunyamaza ikangoja chochote kitakachoingia kupitia tundu dogo lililo pembeni. Ukichomeka kaseti, redio za jirani zitapiga kaseti. Ukichomeka maikrofoni, zitasema.

Hapo ndipo Jaafar alipopata wazo lake la Ramadhani. Mwezi ule, baada ya sala ya alasiri, Maalimu Mahadhi huketi msikitini akafasiri Kurani. Wanaume hukaa mbele yake. Wanawake wakati huo tuko jikoni na futari, na darasa hulisikia yule tu ambaye ukuta wake umegusana na msikiti. Jaafar alivuta waya kutoka msikitini, ukapita juu ya uchochoro mpaka dirishani kwetu, akauingiza katika tundu la pembeni. Waya mwingine akautandaza juu ya dari uwe antena. Kila jiko la Shela lenye redio likamsikia maalimu kama yumo ndani ya kabati.

Mimi niliogopa polisi. Tangu mwaka ule wa jaribio la kupindua serikali, mtu mwenye mitambo alikuwa mtu wa kuulizwa maswali. Nilimwambia, "Jaafar, baba, tutafungwa kwa ajili ya darasa?"

Akacheka. "Mama, hii haifiki hata sokoni. Kuku akitua juu ya waya, maalimu anakatika."

Na jambo moja watu hawakulijua. Darasa likianza, Jaafar alikuwa msikitini, karibu na maikrofoni. Aliyekaa na mashine alikuwa Mwanatumu, redio ndogo sikioni, mkono kwenye swichi. Maalimu akipaza sauti, alipunguza. Akinong'ona, aliongeza. Wakimshukuru Jaafar njiani, aliitikia kwa niaba ya wote wawili.

Hiyo ilikuwa Ramadhani ya mwaka wa themanini na tano. Kabla ya Ramadhani iliyofuata, Jaafar alikwenda Gongoni kutengeneza redio ya kiwanda cha chumvi, na wakati wa kurudi, pikapu aliyopanda ilipinduka. Waliokaa mbele walipona. Sina zaidi ya kusema juu ya hilo.

Mwezi ulipokaribia, Harusi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akaja kuniuliza kama mwaka huu tutasikia darasa. Nilimwambia sijui. Baadaye akaja Thuku. Huyu ni fundi wa redio kutoka bara, mtu wa Nyeri, mwenye kibanda kule Muyeye. Yeye na Jaafar walikuwa wakiazimana vifaa mpaka hawajui tena kipi cha nani. Alisimama nje ya mlango, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama. Maalimu amenituma. Anasema ile mashine isimame tena. Lakini mimi, kusema kweli, naijua ya kupima redio. Ya kuweka mtu aongee ndani yake sijawahi."

"Marahaba. Anayejua yuko ndani, baba, lakini yuko edani. Haonani na wanaume."

"Najua, mama. Sitaingia."

Mashine ilikuwa chumbani, chini ya kitanda. Nilipoivuta, Mwanatumu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Alisogeza miguu yake inipishe. Nilingoja aseme niiache, au aseme niibebe vizuri. Hakusema. Niliibeba mpaka ukumbini, nikaiweka mezani, nikashusha pazia la mlango wa chumba.

Siku ya kwanza ya mwezi Thuku aliunganisha kama alivyodhani, akakimbilia msikitini kabla maalimu hajaanza, na huko akakaa ukumbi wa nje kulinda waya wake. Nami nikafungua redio chumbani. Ukatoka mluzi. Mluzi mmoja, mwembamba, usio na pumzi. Niligeuka kumwangalia Mwanatumu, nikamwona ameinamisha kichwa upande wa redio. Alikuwa akisikiliza. Kwa hiyo sikuizima. Nilikwenda jikoni nikarudi, nikaenda nikarudi, na mluzi ulikuwa pale pale, naye alikuwa pale pale.

Kesho yake asubuhi Harusi aliingia bila hodi.

"Bi Zuleikha! Jana tumesomeshwa na nyuki!"

"Nawe ulisikia hivyo?"

"Mtaa mzima, mwenzangu! Mimi nakatakata vitunguu, nasema, ngoja, maalimu ataanza. Wifi yangu anasema, nyamazeni, hii ni kupasha moto mitambo. Nani azime? Uzime darasa, halafu useme wewe ndiye uliyezima! Tumekaa na adabu zetu mpaka wanaume wakatoka msikitini. Bibi mkubwa wa nyumba ya pili amelia."

"Amelia nini?"

"Anasema ulikuwa unamwingia moyoni." Akashika mdomo asicheke kwa sababu ya nyumba yenye msiba, lakini mabega yalikuwa yakicheka.

Alipoondoka niliingia chumbani. "Mwanatumu, ule mluzi jana. Ulijua kuwa si darasa?"

"Nilijua."

"Ulijua kosa liko wapi?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama unavyosema kuwa ndoo imejaa. Nilikaa chini sakafuni. Nilimwona mama yangu mdogo na kichwa chake kinachotikisika.

Thuku alikuja kabla ya alasiri, ameinamisha uso kwa aibu. Alisimama ukumbini mbele ya mashine, nami nikasimama paziani. Ndivyo tulivyofanya kazi. Thuku aliuliza, mimi niligeuza kichwa nikaliuliza swali lile lile ndani. Mwanatumu alijibu, mimi nikageuza kichwa nikalitoa jibu nje. Pazia ni kitambaa tu. Thuku alimsikia vizuri, naye alimsikia Thuku vizuri. Lakini Thuku hakugusa kitu mpaka nimeyarudia maneno kwa mdomo wangu, na Mwanatumu hakujibu kitu mpaka swali litoke kwangu.

"Mwulize, mama, kwa nini inapiga filimbi."

"Anauliza kwa nini inapiga mluzi."

"Swichi iko ndani."

"Anasema swichi iko ndani."

"Niweke wapi?"

"Aiweke wapi?"

"Nje."

"Nje, baba."

Thuku akazungusha. Mluzi ukakatika. Kutoka msikitini akawa anajaribu maikrofoni yule mwadhini wetu, moja, mbili, na redio ya chumbani ikatoa ngurumo, maneno yamepasuka kama gunia linalochanwa. Sindano ya mita ikaruka ikajibanza mwisho. Thuku akashika kichwa.

"Mwulize kama hiyo ni kawaida."

"Ni kawaida?"

"Si kawaida."

"Afanye nini?"

"Waya ameutoa wapi?"

Hilo lilikuwa swali. Nilishtuka, lakini lilikuwa swali la ndani ya jibu, sikulihesabu. Nikalipeleka nje.

"Kwa spika," alisema Thuku. "Si ndiko sauti inatoka?"

Nilirudisha. Mwanatumu akasema sauti ya kwenye spika ni kubwa mno, tundu la pembeni halitaki nguvu, linataka sauti ndogo. Autoe waya nyuma ya amplifaya, kwenye lile tundu la kurekodia kaseti. Nililipeleka jibu hilo vipande vipande na nadhani nililivuruga, kwa sababu Thuku aliniomba nirudie, na mara ya pili alikuwa akilitazama pazia, si mimi. Lakini hakuwa na plagi ya tundu lile, na maalimu alikwisha kuanza. Siku hiyo wanawake wa Shela walisikia ngurumo. Harusi alipita dirishani akasema, "Afadhali jana."

Usiku nilimpa Mwanatumu uji. Nilimwuliza kama plagi itafaa. Akasema itafaa. Nilimwuliza kama Jaafar naye ilimsumbua mwanzo. Akasema ndiyo. Nikatafuta swali jingine, sikulipata. Mimi sijui mashine ile iulizwe nini. Nilifahamu wakati huo kwamba nitaishi naye hivi, nikitafuta maswali, na siku nitakapokufa hakutakuwa na wa kumwuliza. Sikulia mimi pia. Nilikuwa nimechoka kama mtu aliyebeba maji umbali mrefu akakuta mtungi umepasuka.

Siku ya tatu nilikuwa na wali wa nazi jikoni, mapema kuliko kawaida, kwa sababu watoto wa Harusi wangekuja kufuturu kwetu. Thuku alifika na plagi yake, akaenda msikitini akachomeka waya mwingine kwenye tundu la kurekodia, akauvuta mpaka kwetu mbio. Sote tulikuwa mahali petu. Maalimu akaanza kwa bismillahi, na redioni ikatoka sauti ya mtu, kweli ya mtu, lakini ya mbali, chini kabisa, kama anasomea ndani ya kisima. Sindano ya mita ilitikisika kidogo ikalala.

"Inaingia ndogo," alisema Thuku. Alikuwa akitoka jasho, na msikitini darasa lilikuwa likiendelea bila sisi. "Mwambie inaingia ndogo."

"Anasema inaingia ndogo."

Mwanatumu hakujibu, kwa sababu hilo halikuwa swali. Nami, Mungu anajua, sikulifahamu hilo wakati ule. Nilisimama nikingoja, Thuku akasimama akingoja, na maalimu akawa anasoma kisimani.

Thuku akakosa subira. Hakuniambia kitu. Waya wa jana wa spika ulikuwa bado unaning'inia dirishani, hakuwa ameuondoa. Akauvuta, akatoa kisu mfukoni, akaanza kuukwangua ncha yake shaba ionekane. Sauti yake ilikuwa ndogo, kwaru, kwaru. Mimi sikuitilia maanani.

"Thuku! Usiutie huo!"

Sauti ilitoka nyuma yangu, kubwa, ya ukali. Nilidhani ni ya mtu mwingine.

"Utaichoma! Usiutie! Uache huo wako wa kurekodia, uzungushe kina, sauti iingie zaidi. Ile swichi ya pili kutoka chini. Pole pole."

Thuku aliganda na kisu mkononi. Kisha akafanya lile alilolizoea: akanitazama mimi, akingoja nirudie. Nilifungua mdomo. Mdomo ulikuwa wazi na maneno yalikuwa yamekwisha kusemwa.

Akaliangalia pazia. "Sawa, dada," akasema polepole. Akakiweka kisu chini. Akazungusha. "Sasa?"

"Bado."

"Sasa?"

"Ongeza. Ongeza. Maalimu bado hajapaza sauti, acha nafasi."

"Sindano iko kwa thelathini."

"Ibaki hapo. Akipaza itapanda yenyewe. Ikigonga mwisho, rudisha."

"Sasa nasikia vizuri."

"Wewe unasikia kwa mlango. Mimi nasikia kwa redio. Ongeza kidogo."

Nikawaza Harusi atasema nini, mjane wa edani anamfokea mwanamume wa bara kupitia pazia. Halafu sikuwaza tena. Sauti ya maalimu ilikuwa imejaa chumba, safi, hata kikohozi chake kidogo. Kutoka uchochoroni nikazisikia redio nyingine zikiongezwa sauti, moja baada ya nyingine, nyumba kwa nyumba.

Maalimu alisimamisha tafsiri akawaombea dua waliotangulia mwaka ule. Alilitaja jina la Jaafar. Nikageuka haraka kumtazama mwanangu. Nilisema moyoni, sasa. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye redio, macho yamefumbwa nusu, na mkono wake wa kulia, uliokuwa juu ya godoro, ulikuwa ukizungusha kitu kisichokuwepo, kidogo sana, kwa vidole viwili. Uso ulikuwa mkavu.

"Ameinua sauti kwenye jina," alimwambia Thuku. "Umechelewa kupunguza. Ilikwaruza."

"Pole, dada."

"Kesho usichelewe."

Kisha akanigeukia. Pua yake ilikuwa imekunjamana.

"Mama, wali unaungua."

Sikuwa nimemwuliza. Nilikwenda jikoni. Wali ulikuwa kweli unaungua. Moshi ulikuwa umeshika mbao za dari. Niliepua sufuria, nikapakua sehemu ya juu iliyofaa, nikakipalilia moto chungu cha mchuzi. Nilifanya yote hayo kama kawaida na sikuhisi kitu, si furaha, si huzuni. Niliweka mwiko chini, nikasikiliza. Kule kwenye pazia walikuwa wakibishana, Mwanatumu ndani na Thuku nje, kama waya wa antena upite juu ya dari au nyuma ya ukuta, na hapakuwa na mtu aliyeniita niende kuwarudishia maneno.